Chafuo nao wamo, Ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi za kulingojea kwa basi la jioni, na sijawahi kukuandikia. Mengi nimeyameza, hata ile bei ya mbolea mliyochapa wakati dukani ilishapanda mara mbili. Ila habari yenu ya wiki iliyopita ya nagana, ugonjwa wa ng'ombe wa kimelea cha damu kinachobebwa na mbung'o, imenishinda. Eti mtaalamu wenu anasema wafugaji wa milimani tulale usingizi wa pono, kwa kuwa mbung'o hawapandi kwenye baridi!

Mbung'o kweli huku Lushoto hawapo. Kimelea kipo.

Mwaka jana jirani alipandisha madume ya ng'ombe kwa fuso kutoka mnada wa bondeni, kibali mkononi na muhuri haujakauka. Dume mmoja alishuka mbavu nje, nywele zimesimama, macho yanachuruzika. Masika ilipokolea chafuo, wale nzi wanaouma, wakajaa. Wanamuuma huyo, anapiga mkia, wanaruka na midomo ingali na damu kuja kumalizia shibe kwa wangu. Na wangu ni ng'ombe wa kufungia: majani analetewa, maji analetewa, bonde hajaliona tangu azaliwe. Akaanza homa ya kuja na kuondoka, maziwa yakakatika, akatupa mimba. Bwana mifugo akamtazama akiwa mlangoni, akasema ndigana, homa ya kupe, akachoma oksitetra, akapokea chake. Kila akiitwa, ndigana. Ng'ombe akabaki ngozi na pembe. Mzee mmoja mstaafu wa maabara ya mifugo ndiye aliyechukua tone la damu kwenye mshipa wa sikio, akaliweka chini ya hadubini, akaniita. Nikaviona vyenyewe, vinakatiza mbio kati ya chembe za damu hata jicho haliwahi kuvifuata. Akaniambia ni *Trypanosoma vivax*, na kwamba kimelea huyu akimkosa mbung'o hupanda usafiri mwingine. Ng'ombe akapata dawa inayomhusu, akainuka. Ndama tulishamzika.

Hayo si maajabu ya banda langu. Kimelea hichohicho kinaaminika kilivuka bahari karne ya 19 ndani ya ng'ombe waliotolewa Senegal, kikatambuliwa Guyana ya Ufaransa mwaka 1919, na leo kinakondesha ng'ombe wa Brazil, nchi isiyo na mbung'o hata wa dawa. Wanaokieneza huko ni chafuo na pange. Mwaka 2006 ngamia waliotoka visiwa vya Canary walishuka Ufaransa na surra, ndugu wa nagana. Jirani zetu wa Uganda walionja makali zaidi: mwaka 1998 malale ya watu ilizuka Soroti, ambako haikuwapo kabla, na uchunguzi ukaishia kwenye mnada wa ng'ombe wa Brookes Corner. Zaidi ya nusu ya ng'ombe waliouzwa pale walitoka maeneo yenye malale. Mbung'o wa Soroti walikuwapo siku zote. Walichokosa ni wa kuwaletea mzigo.

Mmetusifia Unguja, ambako mbung'o walimalizwa miaka ya 1990 kwa madume waliohasiwa kwa mionzi hapahapa Tanga. Hongera zao. Lakini Lushoto si kisiwa, na fuso halipandi boti.

Na mbali na chafuo, kuna hili la sindano za chanjo. Wanakuja vijana na bomba moja, kijiji kizima kinachomwa kwa sindano ileile, ikipanguswa kwenye ovaroli kati ya ng'ombe na ng'ombe. Ukihoji unaitwa mkorofi. Huko Brazil kimelea hiki kimepita banda zima kwa sindano ya pamoja ya homoni ya kushusha maziwa. Sindano isiyobadilishwa ni chafuo wa chuma, ila huyu tunamlipa.

Dawa yake? Pale mnadani, kabla ya muhuri, pawe na kibanda chenye hadubini na mashine ya kuzungusha damu. Ng'ombe atobolewe sikio, majibu yangojewe. Akikutwa na vimelea achomwe dawa palepale, gharama kwa muuzaji, na fuso lisipige starti. Anayegonga muhuri bila kutazama damu, dume huyo akalale kwake.

Mtaalamu wenu namkaribisha mwezi wa nne. Nitampa kigoda katikati ya banda, avue shati, ahesabu chafuo mpaka muda wa kukamua. Sindano aje na ya kwake.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Lushoto