Gemu za maisha zimelegea

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nimjibu yule msomaji aliyeandika juzi kwamba gemu kama The Sims, zile za kompyuta unaendesha maisha ya watu wa kubuni, ni za watoto wavivu, ati unakaa tu unavalisha katuni nguo na kupanga sofa. Mimi ni mtu mzima, nalipa kodi ya nyumba hapa Umoja, na hizo gemu nimezicheza tangu enzi za saiba. Cha ajabu ni kwamba namkatalia nusu tu. Hiyo nusu ingine ako sawa kabisa, zimelegea, lakini hazikuanza hivyo.

The Sims ya kwanza ilitoka Februari 2000. Aliyeibuni ni Mmarekani anaitwa Will Wright, na wazo lilimwingia baada ya nyumba yake kuungua kwa ule moto mkubwa wa Oakland mwaka wa 1991, ikabidi aanze kununua vitu vya nyumba upya moja baada ya ingine. Mimi niliikuta miaka kadhaa baadaye kwa saiba moja mtaani, shilingi moja dakika moja, na ilikuwa kwa kompyuta moja tu, ile ya kona karibu na choo. Nikaunda mtu wangu, nikapewa zile simoleoni (pesa ya hiyo gemu) 20,000 za kuanzia, nikamjengea nyumba, nikamnunulia TV kubwa, halafu zilizobaki nikachukua jiko la bei ya chini kabisa na simu ya nyumba nikaona ni ya nini. Kupika hajui. Siku ya kwanza tu chakula kikaungua, moto ukashika kaunta, na badala ya kutoroka huyo mtu anasimama palepale kando ya moto anarusha mikono akipiga nduru, na zima moto siwezi kuita kwa sababu simu ndio hiyo sikununua. Akafa nikimwangalia. Kijana wa saiba akaja nyuma yangu akaniambia boss, muda wako umeisha. Sijui alimaanisha mimi ama yule wa ndani.

Hiyo gemu ilikuwa haikubembelezi. Usipolipa bili jamaa anaingia anabeba vitu vyako huku umesimama tu, ukikosa kazini siku mbili mfululizo umefutwa, mtoto mchanga akilia umwachilie, watu wa ustawi wa jamii wanakuja wanamchukua na harudi. Sasa niambie kama hayo ni mambo ya mtoto.

Halafu 2004 ikaja ya pili, na hapo ndio mimi huona walifika kilele. Watu wakaanza kuzeeka, watoto wanachukua pua ya baba na macho ya nyanya, na kila mtu ako na anachotamani na anachoogopa. Kubwa zaidi ni kumbukumbu. Mke akikufumania na jirani, hiyo kitu inaandikwa kwake na inabaki, unaweza kumletea maua wiki nzima na bado unajua iko. Hapa ndipo watu huchanganya mambo. Gemu kuwa ngumu sio lazima ikufilisi kila siku, hiyo ni adhabu tu. Ninachotaka mimi ni kitu nilichofanya jana kinifuate leo.

Ya nne ilipotoka 2014 haikuwa hata na swimming pool, na watoto wadogo wa kutembeatembea tulingoja hadi Januari 2017. Hayo nimesamehe. Siwezi kusamehe vile maisha yake yanateleza. Mtu ako na huzuni, mpeleke kwa sebule yenye picha nzuri ukutani, mara nyingi tabasamu linarudi mbio. Kazini anapanda cheo kama ameshikiwa lifti, wiki chache za gemu mtu ashafika juu kabisa, na wewe ulikuwa jikoni unachemsha chai. Hata wezi walikuwa wametolewa, zaidi ya miaka kumi hakuna mwizi, na waliporudishwa Februari 2025 watu walishangilia! Wapi tena utaona mtaa mzima unafurahia mwizi amerudi?

Najua mtu ataniambia Nairobi yenyewe ni shida tosha, tokeni zinaisha saa mbili usiku, keateka anagonga tarehe tano asubuhi, sasa unataka hata gemu ikusumbue? Haki, naelewa. Dadangu ni nesi, akitoka zamu ya usiku anafungua yake, anaandika motherlode, hiyo ni chiti, neno la siri la kukwepa shida za gemu, anapata 50,000 za bure na anajenga nyumba yake ya ghorofa bila mtu kumuuliza. Hiyo njia ibaki, mimi simnyimi. Lakini angalia wachezaji wenyewe wanafanya nini. Wamejitungia mashindano, kama lile la vizazi kumi, unaanza na kiwanja kitupu na pesa kidogo, chiti hakuna, hadi ufikishe ukoo wako kizazi cha kumi. Watu wanajiwekea shida wenyewe kwa sababu gemu imekataa kuwawekea. Mwenye hoteli akiona wateja wote wanakuja na chumvi mfukoni si atajua kuna kitu.

Na gemu inaweza kuwa na uzito bila makelele. Stardew Valley ya 2016 iliundwa na mtu mmoja tu, Eric Barone. Ni gemu ya shamba, muziki mtamu, hakuna wa kukukaripia, lakini msimu una siku 28 na ukigeuka mmea uliokuwa wa msimu huo unakauka, kwisha. Mwaka wangu wa kwanza nilimwaga pesa yote kwa mbegu za maboga, tarehe 20 ya msimu. Krismasi nikiwa nyumbani Machakos nikamsimulia mama vile gemu imeniibia shamba zima, na yeye amelima mahindi na pojo maisha yake yote, akaniuliza boga lenyewe linachukua siku ngapi. Nikamwambia kumi na tatu. Akahesabu na vidole, akaniangalia, akasema, "Na hapo gemu imekuibia nini?"

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi