Barua ya wazi kwa makarani wanaotaka kurudi chuoni

Wanangu wa masijala, wa mapokezi, wa uhasibu na wa meza za makatibu muhtasi,

Marahaba nyote. Kila msimu wa udahili unapokaribia mnauliza swali lilelile: nikipata shahada, mshahara utapanda? Naombeni mnisome mpaka mwisho kabla hamjachukua mkopo, maana nawaona wengi mnakwenda kusoma bila kujua mshahara wenu unapangwaje.

Ofisi huanza kwa kukipangia kiti bei, ndipo imtafute wa kukikalia. Kila kazi ina daraja lake, na kila daraja lina mshahara wa kuanzia na mshahara wa kilele. Ukishafika kileleni, nyongeza ya mwaka inakuwa ndogo au inasimama kabisa, hata ukichapa kazi namna gani, mpaka uvuke kwenda daraja la juu. Shahada kazi yake kubwa ni kukuruhusu kuvuka. Pasipo daraja la kuvukia, itatiwa kwenye faili lako na mshahara utabaki vilevile.

Kwa hiyo, tafuteni kwanza karatasi mbili. Moja ni muundo wa utumishi wa kada yako, yaani wa kundi la kazi uliloajiriwa nalo. Soma neno kwa neno sifa za daraja linalofuata. Kama imeandikwa shahada ya uhasibu, ya utawala haitakuvusha. Kama imeandikwa stashahada pamoja na miaka kadhaa ya uzoefu, basi kinachokupungukia ni miaka na tathmini nzuri, wala si chuo. Karatasi ya pili ni ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa na kutengewa fedha. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtu anahitimu, anapeleka cheti, anaambiwa asubiri, na anasubiri miaka mitatu, kwa sababu nafasi ya juu ina mtu au haina bajeti. Muulize afisa rasilimali watu bila haya: nafasi ngapi za daraja lile ziko wazi, na nani anakaribia kustaafu?

Ofisi ndogo hazina karatasi hizo. Basi kusanya matangazo 20 ya kazi iliyo juu ya yako, uhesabu ni mangapi yanadai shahada, ya fani gani, na mangapi yanataja ujuzi wa programu fulani au cheti cha kitaaluma. Katika uhasibu, mitihani ya bodi ya kitaaluma mara nyingi hufungua milango ambayo shahada ya pili haiifungui.

Najua mtaniambia takwimu zinasema wenye shahada hulipwa zaidi. Ni kweli. Marekani, mwaka 2023, mshahara wa kati wa wiki (nusu hulipwa zaidi yake, nusu pungufu) kwa mwenye shahada ya kwanza ulikuwa dola 1,493, na kwa aliyeishia sekondari dola 899. Lakini hesabu hiyo imechanganya wahandisi, wauguzi na makarani katika kapu moja, na wengi waliokwenda chuo walikuwa tayari na alama nzuri na familia zenye uwezo. Mwaka 1973 mchumi Michael Spence alionyesha kwamba hata kama masomo hayaongezi ujuzi wowote, cheti kinaweza kuleta mshahara mkubwa, kwa sababu mwajiri hukitumia kumtambua mtu anayeweza kumaliza jambo gumu. Hiyo ndiyo sababu shahada humfaa zaidi mgeni anayeomba kazi kuliko mwenyeji wa ofisi. Mwajiri wako wa sasa ameshakuona ukifanya kazi miaka sita. Cheti hakimwambii jipya. Ofisi ya jirani haikujui, nayo itakisoma kwa makini.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ninapotaka mkae sana. Chukua mshahara wako wa mwezi uuite 100, na tuseme unapanda asilimia 5 kwa mwaka. Ukiacha kazi miaka minne kusoma, unapoteza mishahara ya karibu 5,170. Ada na vitabu tuseme 1,500. Jumla 6,670. Ukirudi unalipwa 150. Kosa la kawaida ni kulinganisha 150 na ile 100 ya zamani. Usingeacha kazi, leo ungekuwa kwenye 122. Faida yako halisi ni 28 kwa mwezi, na kwa kiasi hicho utahitaji miezi 238, karibu miaka 20, kurudisha ulichotoa. Mishahara ikiendelea kupanda tofauti nayo itakua na muda utapungua, lakini kodi na riba ya mkopo zitaurefusha tena.

Linganisha na anayesoma jioni kwa miaka sita, ada ileile ya 1,500, akiwa kazini. Wakati anahitimu mshahara wake ni 134. Akivuka kwa uwiano uleule atafika 165. Tofauti ni 31, na ada inarudi kwa miezi 48. Wekeni namba zenu halisi mahali pa hizi zangu, na mtaona kwamba mishahara mnayoiacha ndiyo mzigo mkubwa kuliko ada.

Masomo ya jioni yana hatari yake: watu huyaachia njiani. Mwaka wa mwisho una thamani kubwa kuliko wowote uliotangulia, kwa kuwa tangazo la kazi halimtambui aliyesoma robo tatu ya shahada. Kama kazi yako ina misimu ya kufunga hesabu hadi usiku, chukua masomo machache muhula huo, usijisajili yote ukashindwa na kulipia marudio.

Ukiamua kwenda, hakikisha kwanza chuo na kozi yenyewe vina ithibati, yaani vinatambuliwa rasmi, kwani chuo chaweza kuwa nayo na kozi mpya isiwe nayo. Kisha omba kibali cha masomo kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza ya darasa, na kitaje kozi na kada utakayohamia. Asiye na kibali huambiwa alisoma kwa hiari yake. Mwajiri akikulipia ada, soma kifungu cha kutumikia: ni miaka mingapi, na ukiondoka mapema unarudisha zote au sehemu?

Na kuna jambo huwashangaza wakongwe. Madaraja hupishana. Aliye kileleni mwa daraja la ukarani anaweza kuwa anapokea zaidi ya afisa anayeanza. Akibadilishiwa kada anaweza kuanzishwa chini, mshahara ukashuka siku ileile anapopanda cheo. Dai kwa maandishi ubaki na mshahara wako wa sasa kama mshahara binafsi mpaka ngazi mpya ikufikie, na ufanye hivyo kabla hujatia saini barua ya uteuzi.

Barua ya kuomba kubadilishiwa kada ipelekwe miezi mitatu au minne kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa, ikiwa na cheti kilichothibitishwa, nakala ya kibali, na orodha ya majukumu ya daraja la juu ambayo tayari unayafanya. Orodha hiyo isiachwe nje. Anayekaimu nafasi ana hoja nzito kuliko anayeleta cheti peke yake. Ukijibiwa kwamba hakuna nafasi, omba tarehe ya kuangaliwa upya, na siku hiyohiyo anza kupeleka maombi kwingine.

Ni mimi mzee wenu, ninayewatakia heri.