Diski bandia ya shingo: ya kuuliza kabla ya kulipa

Wengi hutujia na karatasi moja yenye jumla moja ya fedha, na swali lao huwa lilelile: bei hii ni halali? Kazi yetu ni kuwasaidia wagonjwa kusoma makadirio ya gharama na kuandaa maombi ya bima kabla ya upasuaji, na bado hatuwezi kulijibu swali hilo kwa kutazama jumla. Tunaanza kwa kumrudisha mteja nyuma kidogo: daktari amekueleza kwa nini shingo yako inafaa diski bandia? Wengi hawajaelezwa, na hilo hutuumiza kuliko bei yenyewe.

Shingo ina pingili 7. Ukiacha mbili za juu kabisa, katikati ya kila pingili na mwenzake kuna diski, yenye nyuzi ngumu nje na ute mzito ndani. Diski ikituna au kupasuka upande wa nyuma, hubana mshipa wa fahamu unaoshuka mkononi. Ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa wa shingo hulalamikia bega, kiwiko na vidole vinavyokufa ganzi. Zinazosumbua zaidi ni diski iliyo kati ya pingili ya 5 na ya 6, na ile ya kati ya ya 6 na ya 7.

Maumivu ya namna hii hupungua kwa watu wengi ndani ya wiki au miezi michache bila kupasuliwa, kwa dawa, mazoezi ya tiba ya viungo, na wakati mwingine sindano ya steroidi. Kampuni nyingi za bima hudai ushahidi wa angalau wiki 6 za tiba hiyo kabla ya kukubali kulipa. Wateja huliona sharti hilo kama usumbufu. Sisi tunaliona la haki, maana wapo waliopona wakiwa bado wanakusanya karatasi. Lakini ukiona vidole vimekuwa vizito hata kufunga vifungo vya shati ni kazi, unayumba ukitembea, mkojo umeanza kukushinda, au mkono unazidi kulegea, usisubiri wiki yoyote. Huenda ugwe mgongo wenyewe, yaani kamba kuu ya fahamu inayopita ndani ya pingili, unabanwa. Muone daktari leo.

Upasuaji ukihitajika, njia ya zamani ni kuitoa diski na kuunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Imetumika tangu miaka ya 1950 na inaondoa maumivu vizuri. Kasoro yake ni kwamba sehemu ile haichezi tena. Utafiti wa Hilibrand na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta kwamba baada ya kuunganishwa, karibu asilimia 3 ya wagonjwa kila mwaka walipata dalili mpya kwenye pingili za jirani. Diski bandia, kipandikizi kinachowekwa mahali pa diski iliyotolewa, ilibuniwa ili shingo iendelee kupinda na kugeuka. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya shingo, Prestige, mwaka 2007, na mwaka 2013 ikaidhinisha Mobi-C kwa matumizi ya diski mbili zinazofuatana. Majaribio yaliyofuatilia wagonjwa kwa miaka 7 hadi 10 yameonyesha kwa jumla kwamba wenye diski bandia hurudi chumba cha upasuaji mara chache zaidi. Mengi ya majaribio hayo yaligharamiwa na watengenezaji, kwa hiyo yasome ukilikumbuka hilo.

Si kila shingo inafaa. Mifupa iliyopungua uzito haiwezi kukishika kipandikizi, kitazama. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili vikiwa vimelika sana, kuviacha vicheze ni kuyaacha maumivu. Pingili zinazoteleza, maambukizi, au mzio wa madini yaliyomo kwenye kipandikizi navyo humfanya daktari makini akatae. Hivyo MRI, picha ya sumaku inayoonyesha diski na mishipa ya fahamu, peke yake haitoshi: pawepo eksirei ya shingo ikiwa imeinama na ikiwa imenyooshwa nyuma, mara nyingi CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mifupa kwa undani), na kipimo cha uzito wa mifupa kwa wenye umri au historia inayotia shaka. Daktari akikuahidi diski bandia kabla ya kuziona picha hizo, tafuta maoni ya daktari wa pili. Muulize pia amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, na wangapi alilazimika kuwapasua tena.

Sasa ile karatasi. Omba ichambuliwe: ada ya daktari wa upasuaji, msaidizi wake, daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji, kitanda, kipandikizi chenyewe kwa jina na idadi, vipimo vya kabla, na eksirei za ufuatiliaji. Kuna kipengele kinachosahaulika sana: mtaalamu anayefuatilia mishipa ya fahamu kwa mashine wakati umelala. Mara nyingine hutoka kampuni nyingine kabisa, na ankara yake hufika wiki kadhaa baadaye, wakati mgonjwa anadhani amemaliza kulipa.

Ukipewa bei ya jumla isiyobadilika, uliza imeishia wapi. Usiku wa pili wodini unalipwa na nani? Daktari akifungua, akakuta pingili haifai, akaamua kuiunganisha, bei inapanda au inashuka? Sauti ikikauka au kumeza kukawa kugumu, mambo yanayojulikana kutokea kwa kuwa upasuaji hupitia mbele ya shingo, matibabu yake yamo? Na kipandikizi kikihama mwezi wa tatu, je? Majibu yaandikwe. Anayesafiri mbali kufuata nafuu ya bei aongeze swali moja: nani karibu na nyumbani atakubali kumwangalia baadaye? Si kila daktari hupenda kuirudia kazi ya mwenzake.

Bima ikikataa, isome barua ya kukataa hadi mwisho, kwa sababu kila sababu ina jibu lake. “Haina ulazima wa kitabibu” hujibiwa kwa kumbukumbu za tiba ya viungo zenye tarehe, picha, na maelezo ya daktari kuhusu mkono uliolegea. “Ni ya majaribio” hujibiwa kwa kibali cha kipandikizi chenyewe na idadi ya diski kilizoidhinishiwa. Ombi la diski tatu litakwama pale ambapo kibali ni cha mbili. Mwombe daktari wako azungumze moja kwa moja na daktari wa bima. Tumeona simu hiyo ikifungua kilichofungwa na barua tatu. Na uangalie siku ya mwisho ya rufaa kabla ya kitu kingine chochote.

Ukija kwetu, njoo na picha zenyewe kwenye diski ya kompyuta au kiungo cha kuzipakua, siyo ripoti tu, pamoja na makadirio, mkataba wa bima na barua zote. Ukishapasuliwa, usiondoke hospitalini bila kadi ya kipandikizi yenye jina, saizi na namba yake. Baadhi ya madini huziba picha ya MRI kuliko mengine, na atakayekupiga picha miaka ijayo atahitaji kujua ulichowekewa.