Barua kwa mwanangu aliyeacha uchumi

Mwanangu,

Uliponipigia ukasema unauacha uchumi, unakwenda kufanya shahada ya uzamili ya falsafa ya sayansi ya jamii, nilinyamaza mpaka ukauliza kama simu imekatika. Haikukatika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, sikupaona, ndiyo maana naandika.

Baba yako ameuliza lile swali unalolijua, la ajira. Nimemwambia nafasi za kufundisha somo hilo ni chache kokote uendako, na wewe huhitaji kuambiwa hilo. Tumeliacha hapo.

Langu ni jingine. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa mdadisi kwenye utafiti wa kaya. Unabisha hodi, unasoma swali kama lilivyoandikwa, unazungushia jibu. Swali la nne lilikuwa: "Nani mkuu wa kaya hii?" Siku moja mama mmoja akanitazama, akaniuliza, "Unamtaka anayelipa au anayeamua?" Nikamsomea swali upya, maana ndivyo tulivyofundishwa. Akacheka. "Basi andika mume wangu, ndiye unayemtaka." Nikaandika. Baadaye nililiona jedwali: asilimia ya kaya zinazoongozwa na wanawake, mpaka na desimali. Yule mama alikuwa ameshahesabiwa, na mimi ndiye niliyemweka upande aliowekwa.

Sikujua kwamba kuna watu wanalisomea jambo hilo hadi uzamivu. Vile vitabu ulivyoviacha hapa likizo iliyopita nimevisoma (kwa kuruka, sikufichi). Kwa Durkheim, yule mwanasosholojia Mfaransa, nilitulia. Mwaka 1897 alichukua takwimu rasmi za watu waliojiua, akaonyesha kwamba Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki, akasema sababu si huzuni ya mtu mmoja mmoja bali ni jinsi jamii inavyowashikamanisha watu wake. Hoja nzito ile. Lakini mwaka 1967 mwanasosholojia Mmarekani, Jack Douglas, akaja na swali ambalo mdadisi yeyote angeliuliza: nani aliandika kwamba kifo hiki ni cha kujiua? Pale ambapo kujiua ni aibu kubwa zaidi, ndugu wana kila sababu ya kutaka kiandikwe kitu kingine. Sasa ile tofauti ni ya kujiua, au ni ya kuandika? Niliweka kitabu chini nikamkumbuka yule mama.

Halafu kuna yule mwanafalsafa, Ian Hacking, ambaye nadhani ndiye utakayempenda. Jiwe halijali umeliita nini. Mtu anajali. Ukimtia kwenye kundi lenye jina, ataanza kuishi kwa kulifuata jina hilo au kwa kulikataa, na kundi ulilodhani umelijua linakubadilikia mkononi. Yule mama hakunijibu swali langu. Alilijibu dodoso, kwa kuwa alikwisha kujua dodoso linataka nini.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja: usiutupe uchumi. Ulisema umechoka nao, na uchovu huo nauelewa, lakini ndio mtaji wako. Darasani watakupa ile insha ya mwanauchumi Milton Friedman ya mwaka 1953, anaposema nadharia ipimwe kwa inavyobashiri, si kwa ukweli wa dhana inazoanzia. Mwenzako aliyetoka falsafa tupu atabishana naye kwa mantiki. Wewe umeshakesha na data zenye mapengo, umeshaona mtu akifuta safu zisizolingana na modeli yake. Unajua Friedman anabana wapi na anateleza wapi. Wale wanaoieleza "sayansi ya jamii" kwa jumla jumla, bila kushika hata moja, wamenichosha ndani ya kurasa kumi. Mambo ya kipimo yanayomsumbua mwanauchumi siyo yanayomsumbua mwanaanthropolojia.

Ukichagua chuo, kabla ya kutazama sifa zake waulize kama mwanafunzi wa falsafa anaruhusiwa kuchukua kozi za takwimu na mbinu za utafiti kwenye idara nyingine, na kama msimamizi wako amewahi kuandika pamoja na mtafiti wa nyanjani. Wakianza kukuzungusha, umeshajibiwa.

Andiko lako la utafiti nimelisoma. Ukurasa wa kwanza una "ontolojia" mara sita, na hakuna hata mtu mmoja aliyeulizwa kitu. Anza na kisa, hayo maneno makubwa yatakuja yenyewe yakihitajika.

Humu kwenye bahasha nimekutilia dodoso moja tupu lililobaki tangu siku zile, lina kutu ya pini pembeni. Litazame swali la nne. Chini yake kuna mstari wa "maelezo mengine", mfupi hivi kwamba jina la mtu halienei.

Mama yako