Mapumziko ya watoto yasiliwe na tuisheni

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi mzazi wa hapa Ngamiani, Tanga, na kuna shule moja siitaji jina, darasa la nne wanabanwa darasani mpaka muda wa mapumziko eti wanajiandaa na mtihani wa taifa, mtoto anakunywa uji chapchap anarudi kwenye dawati, na aliyekosa hesabu ndo kabisa, adhabu yake hatoki nje.

Jamani huyo aliyekosa hesabu si ndo angetoka akacheze mdako? Pale anarusha kete, anatoa kokoto shimoni, anarudisha, anahesabu zilizobaki, macho na mikono vinafanya kazi pamoja na hakuna mwalimu aliyemshikia fimbo. Kwenye rede nako, ule mchezo wa kukwepa mpira, wanagombana nani kapigwa nani hajapigwa, wanamalizana wenyewe, huko ndo kujifunza kuishi na watu.

Na sio maneno yangu tu. Chama cha madaktari wa watoto Marekani kilishatoa tamko 2013 kwamba mapumziko yasiondolewe kwa ajili ya adhabu wala masomo, maana ubongo wa mtoto unahitaji kupumua kati ya somo na somo. Shirika la Afya Duniani (WHO) nao wanataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Sasa na joto letu hili la Tanga, mtoto amekaa toka asubuhi, saa sita unategemea anasikia nini?

Kikao cha wazazi kijacho nitauliza, wenzangu njooni tuulize wote.

Mzazi, Ngamiani, Tanga