Kuhusu Idi: tazama macho yake, halafu tazama saa

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na baada ya salamu niingie kwenye lililokukosesha usingizi. Unaniuliza kama mdogo wako Idi anatumia unga, yaani heroini, kwa kuwa amekonda na pesa zinapotea ndani. Hayo peke yake hayatoshi. Kijana hukonda kwa kifua kikuu au kwa mawazo, na pesa huishia hata kwenye kamari. Unga una dalili zake, na nyingi zinakwenda kwa saa.

Anza na mboni za macho. Aliyevuta heroini mboni zake hunywea zikawa kama ncha ya sindano, hata jioni barazani ambapo za wengine wote zimepanuka. Sauti inakuwa nzito, anajikunakuna pua na mashavu, kichwa kinadondoka huku sigara inamuunguza vidole. Ukimwita anashtuka, anajibu, anasinzia tena.

Kati ya saa 6 na 12 tangu avute mara ya mwisho, arosto inaingia, yaani maumivu ya kukosa unga. Anapiga miayo mfululizo, kamasi na machozi vinamtoka, vinyweleo vinasimama, mifupa inauma, anaharisha, na mboni safari hii zimepanuka. Hapo ndipo familia nyingi hukimbilia kununua dawa ya malaria. Lakini malaria haiponi kwa mtu kutoka nje nusu saa! Idi akitoka analia baridi na mifupa, kisha akarudi ametulia, kamasi zimekauka na macho yamelegea, hilo lina uzito kuliko yote uliyoniandikia. Kwa siku tatu nne andika pembeni ameugua saa ngapi, katoka saa ngapi, karudi vipi.

Chumbani utakuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara yenye michirizi myeusi ya kuungua, vijipande vya nailoni vya kete, yaani vipakiti vya unga, pengine bomba la sindano. Na usitulie ukiambiwa anavuta bangi tu, maana wengi huanza kwa kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi na tumbaku.

Ukiwa na hakika, zungumza naye mkiwa wawili, asiwe amelewa wala asiwe na arosto. Tafadhali msimfungie chumbani, hata wajomba wakishikilia. Kuharisha na kutapika humkausha maji, na baya zaidi linakuja baadaye: mwili ukishakaa siku kadhaa bila unga unapoteza uzoefu, akitoka akavuta kipimo kilekile cha zamani pumzi inaweza kukatika. Mpeleke kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza mwaka 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata. Ni bure. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, inazuia arosto mchana na usiku, na tiba huchukua miezi mingi, mara nyingi miaka. Mjipange kwa nauli ya kila siku, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Siku ukimkuta anakoroma isivyo kawaida, haamki, midomo na kucha zimekuwa za kijivu, anavuta pumzi chache kwa dakika, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, yataingia mapafuni. Mwambieni muuguzi ukweli kwamba ni unga, kwani ipo dawa ya kumzindua, naloksoni, nayo haitakiwi kucheleweshwa.

Nipigie ukishaongea naye, hata usiku.

Wako,
Mwanaidi