Barua ya wazi kwa msimamizi wa ukumbi wetu wa vyakula, Mji Mkongwe: paa kwanza

Mheshimiwa, assalamu alaykum.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua tunazoleta ofisini hazijibiwi. Juzi usiku, wateja wakiwa wamekaa wanakula, donge la lipu liliporomoka kutoka darini likatumbukia kwenye karai ninalokaangia bajia. Mafuta yakaruka. Msichana anayenisaidia ameungua mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na gharama za dawa nazibeba mimi. Kodi ya mwezi huu tumeshalipa, tena ile mliyoipandisha.

Siku ya ufunguzi ulisimama mbele yetu ukasema jengo hili la kale litatunzwa kwa kodi zetu wenyewe. Tulikuamini. Nilikuwa na meza yangu ya urojo barabarani, nikaiacha, nikakopa pesa za majiko nikaingia ndani. Deni bado lipo. Sasa wateja kabla ya kuagiza hutazama juu, na wengine huondoka.

Mheshimiwa, usitutumie tena mtu wa kupaka rangi. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa ukilowa, hukauka wenyewe. Jengo letu lilipokarabatiwa, mafundi waliupiga ukuta saruji, na mimi naona hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana maji yakishaingia hayana pa kutokea. Mchirizi wa paa umeziba kwa majani na mavi ya kunguru, mvua yote inateremkia ndani ya ukuta ulio nyuma ya jiko langu. Kuna boriti moja, pale inapoingia ukutani, ukiichokoa kwa kijiko inatoka unga. Njoo uichokoe mwenyewe.

Unakumbuka 25 Desemba 2020. Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, mwaka 1883, lilianguka sehemu yake likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Lile ndilo jengo linalojulikana kuliko yote hapa Unguja. Letu halina jina kubwa, lakini usiku wa Ijumaa linajaa watu na watoto wao.

Wala tusiambiwe kwamba jiko na jengo la kale havikai pamoja. Soko la Darajani lilijengwa 1904, na mpaka leo tunanunua samaki pale. Wapo wanaosema letu linaachwa makusudi lichakae, sisi tutoke, iingie hoteli. Ushahidi sina. Lakini mkinyamaza, mnataka watu waamini nini?

Choo kisicho na maji, taa za ngazini, hata hiyo kodi, yote hayo tutazungumza siku nyingine. Leo naomba paa. Leta fundi anayeijua chokaa, apande juu, azibue mchirizi, akague boriti zote na ile iliyooza aibadilishe. Masika yako karibu. Tupe tarehe, kwa maandishi, ibandikwe mlangoni kila mtu aisome. Paa, Mheshimiwa, kabla ya masika.

Wako,
Mpishi wa urojo na bajia, meza ya mwisho chini ya ngazi